Nani Kati Yao Aondoke Peke Yake

Mzee Lubinza aliponiuliza ni nani kati ya Kulwa na Doto anayeweza kuondoka peke yake kwenye mbio za baiskeli na asikamatwe, ningeweza kumjibu kwamba sijui. Kutojua hakukuwa kosa. Nilikuwa kijana niliyetoka shule juzi, mwendesha baiskeli wa kawaida, mwenye miguu ya kukaa katikati ya kundi na kufika pamoja na wengine. Ningesema, "Mzee, waulize wenyewe," nikachukua baiskeli yangu nikaenda zangu. Badala yake nilivuta kiti nikakaa. Nilifurahi kuulizwa. Nikamwambia anipe muda niwatazame vizuri, kisha nitamletea jina. Hivyo ndivyo nilivyokubali kuwapima mapacha ambao mama yao alikataza wasipimwe tangu walipozaliwa.

Doto tumemzika mwaka huu, Mwamapalala, karibu na zizi la ng'ombe wake. Mchana wa matanga nilikaa chini ya turubai na wazee wenzangu, tukinywa uji wa mtama uliopoa, na nyuma yetu walikaa vijana wa baiskeli waliokuja kumzika kwa sababu wanapita kwake wakifanya mazoezi na alikuwa akiwapa maji. Walikuwa wameinamia simu moja. Walitazama mbio za Ulaya, zile ndefu za siku moja zinazoanza asubuhi na kuisha jioni, na walibishana kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. "Huyu akichomoka mmekwisha," alisema mmoja. "Hageuki nyuma hata ukimwita jina." Mwenzake akambishia: "Huyo anangoja wengine wachoke. Yule mrefu ndiye mwanaume, anaondoka watu bado wana nguvu zao, mwendo bado mrefu kabisa." "Anaondoka mapema kwa sababu mwisho hana mbio. Mkifika naye kwenye utepe anatembea kama bibi harusi." Wakacheka, mama mmoja akawakemea kwamba hapo ni msibani. Kisha yule wa kwanza akanigeukia kwa adabu. "Babu, tunasikia nawe ulikuwa unaendesha. Kati ya hawa wawili, nani zaidi?" Nikamwambia sijui. Neno lile lilinitoka kwa urahisi, kama vile halijawahi kuwa gumu.

Mwaka ule tulikaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, hapo Bariadi, mimi na Kulwa na Doto. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa gunia, na baiskeli zetu tatu ziliegemea ukuta wa ndani, maana nje zingeibwa. Tulilalia magunia tuliyoyajaza pamba chafu iliyokataliwa. Pamba ilikuwa kila mahali: puani, kwenye nywele, juu ya mlenda. Kulwa alikuwa akiitoa nyuzi kwa nyuzi kwenye tonge lake la ugali na kuziweka kwenye sahani ya Doto, akisema anamlisha mdogo wake nguo. Walibeba marobota kiwandani kama vibarua wa msimu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilikaa kivulini nikiandika uzito. Waliniita Fomu Foo, na mpaka leo wapo wasiojua jina langu lingine. Jioni tulikula michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, iliyopikwa na karanga, na siku mtu akitoka Lamadi tulipata dagaa. Kulwa alikula haraka na kuongea. Doto alikula polepole na daima alibakiza kitu kwa ajili ya asubuhi. Walifanana sura kiasi kwamba mwenye nyumba aliwahi kumdai mmoja deni la mwenzake, lakini mezani usingeweza kukosea.

Utani wao haukuisha. "Mimi ndiye kaka," Kulwa angesema. "Nilitangulia kutoka." "Ulitumwa kufagia njia," Doto angejibu bila kuinua kichwa, "mimi nikaja kama mgeni rasmi." Nilicheka kila mara, na nilidhani kwa kuwa nacheka nao basi nawajua.

Kiwanda kilikuwa na timu ya baiskeli, na Mzee Lubinza, msimamizi wa maghala, ndiye aliyekuwa kila kitu katika timu hiyo. Baiskeli zenyewe zilikuwa hizi hizi za kubebea viroba. Tulizifungua keria na madigadi, tukageuza usukani ukatazama chini, basi. Kila mwaka baada ya msimu wa pamba yalikuwapo mashindano makubwa: kutoka Bariadi hadi Lamadi, kugusa pwani ya ziwa, na kurudi, barabara nzima ikiwa changarawe na vumbi. Mwaka ule kiwanda kilitangaza kwamba mwendeshaji wake atakayeshinda ataajiriwa moja kwa moja, si kwa msimu. Kwa mapacha wale lilikuwa jambo la maisha. Kibarua akimaliza msimu alirudi kijijini kungoja mvua na kusikia ndugu zake wakihesabu midomo. Mwenye ajira alioa.

Lubinza alikuwa na akili ya mbio. Alijua kwamba vijana wa Maswa walikuwa na mbio kali za mwisho kuliko sisi, na tukifika nao pamoja tumeshindwa. Ilibidi mmoja wetu achomoke mbali, awe peke yake saa zote zilizobaki, na wengine wawili wabaki kwenye kundi kulipunguza kasi: kukaa mbele na kutovuta, kumganda kila anayejaribu kumfuata. "Wakitoka wote wawili, Maswa watakimbiza kwa hasira," alisema. "Akitoka mmoja, watatazamana. Kila mtu atangoja mwenzake avute. Wewe umesoma, na unalala nao. Nani kati yao aondoke peke yake?"

Nikaanza kuwatazama. Kila tulipofanya mazoezi nilimwambia mmoja aondoke, mimi na mwenzake tunamfuata, halafu tunabadilishana. Niligundua kwamba kuondoka peke yako si suala la mbio. Kulwa alikuwa na mbio kuliko sisi wote. Akisimama juu ya pedeli, mnyororo ulilia. Lakini akishatuacha alianza kugeuka. Aligeuka mara moja, mara ya pili, kisha mwendo ukalegea, tukamkuta anatabasamu kama mtu aliyekuwa akitungoja tuzungumze. Doto aliondoka bila kishindo. Alingoja tumalize mlima, wakati kila mtu anavuta pumzi na kufikiri taabu imekwisha, naye ndipo alipoongeza kidogo, kidogo tu, mpaka unashangaa pengo limetoka wapi. Hakugeuka. Alikunywa maji kabla ya kuwa na kiu. Upepo wa ubavuni ulipokuja alijikunja ukingoni mwa barabara, akaendelea na mwendo ule ule kama mtu anayelima peke yake shambani. Nilijiona mtaalamu. Nilikuwa nikiwalinganisha hata wakiwa wamelala.

Kuna jambo sikulitia maanani. Kila nilipompima Kulwa, ndugu yake alikuwa nyuma yake.

Siku moja ya mapumziko tuliendesha hadi kwao Mwamapalala kumsalimu mama yao. Nilimwita Mayu, yaani mama, kama wao. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alitupa maziwa ya mgando kwenye vibuyu viwili vilivyolingana kwa wanawe na kikombe cha bati kwangu. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Wanawe walipokwenda kuwatazama ng'ombe, aliniambia, "Fomu Foo, nasikia siku hizi wewe ndiye mwenye mizani." Nikajichekesha. Yeye hakucheka. "Hawa walipokuwa wachanga, nesi alitaka kuwapima mmoja mmoja. Nikakataa. Nikasema waweke wote kwenye mzani, hiyo namba itawatosha. Kikija kitu kimoja nyumbani hapa, nakigawa katikati. Kisipogawanyika, anayekikosa nampa kingine mkononi, hata kipande cha kiazi, mwenzake akiona. Pacha akiachwa mikono mitupu, kunaingia kitu kibaya kati yao, na hakitoki." Nikamwambia kwamba kazi haigawanyiki. "Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuomba. Ukishaamua, waite wote wawili. Waambie pamoja, wakiwa wanatazamana. Anayebaki umpe kitu. Basi." Nikamwahidi. Nilikuwa nimetoka shule, na moyoni niliona ni mambo ya wazee. Lakini nilielewa kila neno alilosema, na siwezi kujitetea kwamba sikuelewa.

Nilimpelekea Lubinza jina la Doto. Akakubali kwa kichwa, akasema niwaambie mwenyewe. Nilimkuta Doto kisimani akisugua rimu kwa mchanga. Nikamwambia ni yeye, na aondoke kwenye mwinuko baada ya kijiji cha Mkula tukiwa tunarudi, watu wakiwa wamejaa maji ya Lamadi na uvivu. Akasugua kwa muda. "Kulwa anajua?" akauliza. "Anajua. Amekubali." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa njiani kwenda kumwambia, na nilihesabu kwamba baada ya muda mfupi utakuwa ukweli. Doto akasema, "Basi nitamtafutia kitu cha kumpa."

Kulwa alikuwa chumbani, amekaa juu ya gunia akishona mfuko wa kaptula yake. Kabla sijafungua mdomo akasimama. "Ni mimi, siyo? Nimekuona ulivyokuwa unaniangalia wiki zote hizi. Sema, ngosha!" Alikuwa amenishika mabega. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, yale ya upepo na ya kugeuka nyuma, na yote yakaonekana madogo na mabaya mbele ya uso ule. Nikasema, "Ni wewe." Akapiga kelele hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Kisha akatulia. "Na Doto? Amesemaje?" Nikasema, "Amekubali. Ila msizungumzie jambo hili, hata ninyi kwa ninyi, mpaka siku ya mbio. Maswa wana masikio." Hilo la masikio lilinijia papo hapo. Usiku niliyapanga mambo kwa namna ya kunifaa: kwamba mama alitaka wapewe sawasawa, nami nimewapa sawasawa, kwamba Doto akishachomoka Kulwa ataona limekwisha, na kwa kuwa ni ndugu yake atakaa mbele ya kundi na kumlinda. Nilitumia maneno ya Mayu kuficha woga wangu, na nilitegemea damu yao ifanye kazi niliyoshindwa kuifanya kwa mdomo. Siku zilizobaki tulikula pamoja kama kawaida. Kila mmoja alimhurumia mwenzake. Doto alianza kumbakizia Kulwa chakula, na Kulwa akambebea Doto marobota yake, na kila mmoja alimshangaa mwenzake kwa wema ule.

Siku ya mbio kulikuwa na jua jeupe. Tulikwenda Lamadi kwa mwendo wa kawaida, kundi zima, tukitemeana vumbi na matusi. Vijana wa Maswa walikuwa wakimtania Kulwa: "Robota, leo umejibeba mwenyewe?" Naye akiwajibu kwamba leo watamwona mgongo tu. Pale Lamadi wachuuzi wa samaki walitumwagia maji kwa ndoo, tukageuza. Upepo wa ziwa ulitupiga ubavuni. Tulipita Mkula, tukapanda ule mwinuko, na kileleni, pumzi zikiwa juu, Doto aliongeza kidogo, kidogo tu. Alifanya kila kitu kama nilivyomwelekeza. Maswa walitazamana.

Kulwa alikuwa kando yangu. "Anakwenda wapi huyu?" akauliza. Nikamwambia, "Mwache." Akageuza kichwa akanitazama, na vumbi lilikuwa limezifanya kope zake nyeupe. "Nimwache? Si ulisema ni mimi?" Hapo bado kulikuwa na nafasi. Maneno mawili yangetosha: nilikudanganya, samahani. Kulikuwa na mtu wa Maswa mbele yetu karibu kabisa, nikajiambia kwamba atasikia mpango wetu. Nikainamia usukani. Kulwa akasimama juu ya pedeli.

Nimetazama mbio nyingi tangu hapo, na sasa wajukuu wananionyesha hata hizo za wanaolipwa mamilioni, lakini sijamwona mtu akiondoka vile. Alikwenda katika upepo ule wa ubavuni, bila mgongo wa kujificha, na hakugeuka hata mara moja. Alimfuata Doto aliyekuwa ameshakuwa kitone cha vumbi, na akamfikia. Nilikuwa nimekosea. Wiki zile zote nilipomwona akilegea na kutabasamu, hakuwa ameshindwa. Alikuwa anamngoja ndugu yake. Siku ile hakuwa na sababu ya kumngoja. Kama wangeshirikiana, mmoja akivuta na mwingine akipumzika, hakuna ambaye angewaona tena. Lakini tuliokuwa nyuma tuliona vumbi lao likiungana, likiachana, likiungana tena. Walikuwa wakishambuliana. Mtu wa Maswa alicheka. "Hao wamechanganyikiwa? Si watu wa tumbo moja?"

Kabla ya kufika Bariadi barabara inashuka kwenye mto mkavu. Siku zile mchanga ulijaa pale, na palikuwa na mstari mmoja tu mgumu wa kupitisha tairi, karibu na ukingo wa zege wa kalavati. Mtu mmoja anapita. Wawili hawapiti, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili. Tulipofika, baiskeli zilikuwa zimeshikana kwa usukani. Kulwa alilala kichwa kikiwa kwenye zege. Doto alikuwa amepiga magoti akimvuta shati. "Amka," alikuwa akisema. "Acha utani. Amka." Nilishuka, nikamshika Kulwa mkono, ulikuwa na mchanga na bado una joto. Walimpandisha kwenye gari la waamuzi, akafa kabla ya kufika hospitali. Maswa walishinda.

Tulimzika Mwamapalala. Mayu hakulia, maana katika ukoo wao pacha anapokufa kilio humwita aliyebaki. Nilikaa nje nimeegemea ukuta wa nyumba, na ndani nilimsikia Doto akimwambia mama yake, kwa Kisukuma, polepole, "Alinifikia akaniita mwizi. Akasema ameambiwa ni yeye. Nikamwambia acha uongo, Fomu Foo aliniambia umekubali. Akasema mimi ndiye mwongo. Mayu, hayo ndiyo maneno tuliyoachana nayo." Kisha sauti ya Mayu: "Aliniambia atawaita pamoja." Baadaye alitoka na birika la maji, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, kazi ambayo kwa desturi ingefanywa na binti. Alimimina polepole sana. Maji yalipokwisha aliendelea kusimama mbele yangu. Nadhani alikuwa ananingoja niseme. Nilikung'uta mikono, nikamshukuru, "Wabeja, Mayu," nikaenda kula.

Mwezi uliofuata Lubinza aliniita. Doto alikuwa amerudi kijijini na kukataa hata kuiona baiskeli, na nafasi ya ajira ilikuwa bado ipo. "Wewe unajua kuandika," akasema, "na kiwanda hakipendi kiti kitupu." Nikakaa kwenye kiti hicho mpaka nilipostaafu. Nyumba yangu ya bati, ng'ombe niliowatoa mahari, ada za watoto, vyote vilitoka hapo.

Doto hakuwahi kunikosea adabu. Tukikutana mnadani alinisalimu, "Mwadeela," akaniuliza habari za nyumbani. Mama yake alipofariki alinipa kazi ya kupokea wageni, kama ndugu. Mara moja tu, tukiwa tumeshaota mvi wote wawili, tulikaa tukitazama watoto wakishindana na baiskeli barabarani, akasema bila kunitazama, "Kulwa angekuwa mkweli siku ile, leo tungekuwa wazee watatu hapa." Nikasema, "Ni mipango ya Mungu." Akaitikia kwa kichwa.

Ajira ile niliipata kwa uhai wa Kulwa, na heshima niliyopewa na Doto niliilipia kwa jina la marehemu. Kulwa alikufa akiamini pacha wake amemwibia. Doto aliishi hadi uzee akiamini pacha wake alikufa akisema uongo. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, ni mimi peke yangu niliyejua, na sasa hakuna hata mmoja wa kumwambia.